Dodoso la "dakika kumi": nimewapa nyota moja, nikaongeza, nikapunguza

Nyota moja, tena ya huruma.

Mimi ni muuguzi mkunga, zahanati moja huku Chamwino ndani ndani. Msimu wa zabibu, mwezi siukumbuki, linki ikarushwa kwenye grupu letu la WhatsApp: watafiti wanapima uelewa wa watumishi wa afya kuhusu tafiti za mtandaoni. Dakika kumi tu! Haya, tusaidiane. Nikamaliza kliniki ya mama na mtoto, nikajaza vitabu vya MTUHA (rejesta za taarifa za huduma), jioni nikakaa nalo.

Dodoso la Kiingereza, refu kama barabara ya Manyoni. Ukurasa wa mwisho likadai barua pepe, kinyota chekundu, bila hiyo halitumwi. Dodoso lilelile lililoniapia pale kwenye ridhaa kwamba majibu hayatajulikana ni ya nani! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, anayechukua taarifa zako anapaswa akwambie za nini. Nikarudi nyuma kuisoma upya ile ridhaa, mtandao ukakata. Uliporudi, kurasa zote tupu.

Namba ya msaidizi wa utafiti ilikuwepo. Nikapiga.

"Dada, nyie wa vijijini ndiyo mnatuharibia takwimu. Kuweka status mnaweza, fomu inawashinda."

Mimi? Niliyesajili watu wa chanjo ya UVIKO kwa simu hii hii? Nikamwuliza: mdogo wangu, hii linki imefika kwa watu wangapi? Hajui. Imesambazwa, basi. Sasa asilimia ya waliojibu utaipataje na hujui uliowaomba ni wangapi? Watakaojibu ni wa mjini wenye bando na wenye muda, halafu ripoti iandike "watumishi wa afya Dodoma". Na kwa kuwa kuna vocha kwa anayejaza, mwenzangu mmoja (simtaji) kajaza, akajaza tena kwa barua pepe ya mumewe. Kijana akakata simu.

Isionekane nachukia mambo ya mtandao. Kuna wengine walishawahi kuja na KoboCollect, programu ya kujazia madodoso, kwenye vishikwambi: unajaza bila mtandao, majibu yanakaa humo humo, ukifika penye mtandao yanakwenda. Muhojaji alikaa na sisi kwenye benchi, swali lisiloeleweka analifafanua kwa Kiswahili. Nililipenda lile zoezi, kusema kweli. Na KoboCollect kuipakua ni bure, kwa hiyo hela isiwe kisingizio.

Basi akanipigia mama mmoja, mkubwa wa yule kijana. Kaanza na "mbukwa", salamu ya Kigogo, nikajua wa kwetu. Akaomba radhi, akasema barua pepe itakuwa hiari na dodoso litawekwa Kiswahili. Hasira ikashuka. Nikasema wapeni nyota tatu, binadamu tunakosea, na swali lenyewe wanalouliza ni la maana, hakuna anayetuuliza sisi wa zahanati tunazionaje hizi tafiti.

Wiki haikuisha, linki ikarudi kwenye grupu: "Kumbusho, mwisho leo saa sita usiku." Nikaifungua kwa bando langu. Kiingereza kilekile. Kinyota chekundu palepale.

Nyota moja. Vocha yenyewe mpaka leo sijaiona, na aliyejaza mara mbili anasema hata yeye.