Apu ya Moodle baada ya kusomea masta nikiwa Sumbawanga: nyota nne

Juzi dada mmoja wa hapa kazini kaniuliza, kaka hivi mtu anaweza kusoma masta akiwa huku huku Sumbawanga bila kuacha kazi? Nikamwambia anaweza, mimi si nimemaliza. Akauliza chuo gani, nikamwambia la chuo tuliweke pembeni kwanza, kaulize malekchara wao wanaitumiaje Moodle. Kanitolea macho.

Kwa wasioijua, Moodle ndo ile sehemu chuo kinapoweka vitini, video, asaimenti, kwizi na maksi zako. Ni ya bure, chuo chochote kinaichukua na kuifunga kwenye seva yake, ndo maana utaikuta Chuo Kikuu Huria na utaikuta mpaka vyuo vya Ulaya. Unaweza kuifungua kwenye brauza ila mimi naongelea apu yake ya simu, maana laptopu nilikuwa naazima na simu yangu ni Tecno ya gb 32 ambayo nusu imejaa video za harusi za ukoo.

Uzuri wake mkubwa ni mmoja, unasoma bila bando. Ukipata waifai ofisini unabonyeza kale kaalama ka wingu, kozi inashuka, ukifika nyumbani umeme hakuna, mtandao umelala, wewe unasoma tu. Hata kwenye jukwaa la majadiliano unaandika jibu lako linakaa humo linasubiri, mtandao ukirudi linaenda. Kwizi nayo inafanyika bila mtandao ila hapo mpaka mwalimu awe ameruhusu kwenye mipangilio, na wengi hata hawajui kama hicho kitu kipo. Baadae nikaja kusoma kumbe aliyeitengeneza, Martin Dougiamas, ni Mwaustralia aliyekulia huko jangwani mbali na miji na shule alisoma kwa redio, toleo la kwanza la Moodle akalitoa 2002. Nikasema ahaa, huyu mwenzetu wa mbali.

Sasa kwanini sio nyota tano. Nilianza chuo kimoja nikahamia kingine (majina nabaki nayo), apu ileile, simu ileile, lakini ni kama vitu viwili tofauti kabisa. Kule kwa kwanza lekchara anafundisha Zoom masaa mawili, akimaliza anatupia rekodi nzima humo bila kukata chochote, na zingine ni linki ya YouTube ambayo apu haiwezi kuishusha kwa hiyo ile raha ya kusoma bila bando inafia hapohapo. Pdf zimeskaniwa kurasa zimelala ubavu. Asaimenti nimetuma mwezi wa tatu maksi nimeziona mwezi wa nane, ukiuliza kwenye jukwaa kimya, mpaka tunaanza kujibizana wanafunzi wenyewe kwa kubahatisha. Na dedilaini ikisogezwa inatangazwa kwenye grupu la WhatsApp tu, katikati ya meseji za pole na michango, we uko shamba utajuaje? Nikaacha, ada yangu ikaenda na maji.

Chuo cha pili kulikuwa na mama mmoja wa kozi ya utafiti. Wiki yake ilikuwa hivi, Jumatatu asubuhi unakuta sauti ya dakika 8 anaeleza wiki hii tunafanya nini na kwa sababu gani, kitini cha kurasa 15 hivi, swali moja la jukwaa ambalo huwezi kulijibu bila kutaja kitu cha hapo unapofanyia kazi (hapo kukopiana kunakufa), na kwizi ya maswali 5 ambayo ukikosa inakwambia umekosea wapi. Jumamosi saa mbili usiku Zoom ya lisaa, na hapo hafundishi, ni maswali tu. Asaimenti anarudisha ndani ya siku 10 na mistari miwili mitatu ya kukuonyesha ulipoteleza. Huyu mama sikuwahi kumuona ana kwa ana mpaka siku ya kutetea tasnifu lakini nilikuwa namuogopa kuliko bosi wangu, maana ukipotea wiki mbili bila kuingia anakutumia ujumbe, "Mwanangu uko salama?" Basi hata kama uko msibani unajikuta unaifungua.

Apu yenyewe kasoro zake ni ndogo ndogo. Notifikesheni kwangu zilikuwa zinakuja zinapojisikia, na inakula nafasi, kwa hiyo kozi ukimaliza ingia kwenye mipangilio uifute.

Halafu ukituma asaimenti angalia vizuri kama umebonyeza ile ya kuwasilisha mwisho kabisa, maana kuna kozi ukishapakia faili inabaki rasimu tu. Mimi ilinikuta, nikalala nikijua nimemaliza, nikakatwa maksi 10 za kuchelewa na yule mama nilimlilia wapi, hakunirudishia hata moja.