Mita ya Wapangaji Mjini Kigoma: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Nyumba nyingi za kupanga za Mwanga, Gungu, Katubuka na Ujiji zina vyumba vitano au sita na LUKU moja ukutani, mita ya TANESCO ya kulipia kabla. Umeme hununuliwa kwa mchango. Mwenye taa na simu anatoa kidogo, mwenye friji anaongezewa, mwenye pasi anaapa kwamba hupiga nguo Jumapili tu, na mwenye friza la samaki aina ya mgebuka ananyamaza. Tokeni iliyotarajiwa kufika Jumamosi inakata Jumatano usiku, ndipo watu wanaanza kutazamana ukumbini.

Mita ndogo ya kila chumba, ile mafundi wanaiita sabumita, inaondoa ubishi huo ukinunua inayofaa. Mimi nazipanga kwa kipimo kimoja tu: mpangaji aweze kuisoma mwenyewe, saa yoyote, hata umeme ukiwa umekatika, bila kuomba neno la mtu. Mita yenye mambo mengi ambayo mwenye nyumba peke yake ndiye anayeielewa inabadilisha ugomvi, haiumalizi.

Ya kwanza: LUKU nyingine

Kabla hujaingia duka la vifaa vya umeme pale Mwanga, piga hesabu hii. Bei za TANESCO kwa matumizi madogo ya nyumbani, daraja la D1, ni shilingi 100 kwa uniti (kilowati-saa, kWh, moja) hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni 350. Ukizoea kupitisha unahamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292. Zote hizo ni kabla ya kodi na tozo.

Sasa chukua familia nne, kila moja inatumia uniti 40. Hakuna hata moja inayokaribia 75. Lakini wakiwa chini ya LUKU moja wanafanya uniti 160, na mita haijui kwamba ni familia nne. Inamwona mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Kwa T1 watalipa 46,720. Kila mmoja angekuwa na LUKU yake ya D1, wote kwa pamoja wangelipa 16,000. Tofauti ni 30,720 kila mwezi. Sabumita hata iwe nzuri namna gani haiwezi kuirudisha pesa hiyo, kwa sababu inagawa hasara ambayo tayari imeshatokea.

Kuunganishiwa umeme wa njia moja (singo fezi, ule wa kawaida wa nyumbani) mjini, ndani ya mita 30 bila nguzo, ni 320,960 tangu bei zilipobadilishwa mwaka 2022. Vijijini ni 27,000. LUKU tatu za ziada mjini ni 962,880, ambazo kwa hesabu ile zinarudi baada ya miaka miwili na nusu hivi. Kwa nyumba ya vyumba vichache vyenye familia zinazokaa, mimi ningeanzia hapa. Maombi yanafanyika kwa NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa mtandaoni, ukiwa na namba ya NIDA, au unakwenda ofisini. Uliza mapema utapangwa daraja gani, maana hesabu yote imesimama juu ya hiyo D1.

Jambo moja la kuangalia ni kodi ya majengo. Inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba moja ikiwa na mita kadhaa, hakikisha kodi hiyo imefungwa kwenye mita moja tu, na ikikatwa kwingine nenda TRA warekebishe. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akikatwa, apunguziwe kwenye kodi ya chumba.

Njia hii haifai kila mahali. Nyumba ya vyumba kumi ambamo wanafunzi na wafanyakazi wa muda wanaingia na kutoka haihitaji LUKU kumi. Hapo ndipo sabumita inaposhika nafasi.

Ya pili: sabumita ya kielektroniki yenye namba za kuzunguka

Hii ndiyo ninayomshauri mwenye nyumba wa kawaida, na kwa bei iko mbali sana chini ya gharama ya LUKU mpya. Ni kaboksi kadogo kanakopachikwa kwenye reli ndani ya boksi, karibu na breka. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa na dirisha la namba zinazozunguka kama za mita ya maji. Zipo pia zenye kioo cha kidijitali, na wauzaji wanapenda kukuonyesha hizo kwanza. Namba za kuzunguka ninaziweka mbele kwa sababu mbili: zinasomeka umeme ukiwa haupo, na hazina kitufe cha kurudisha sifuri. Baadhi ya zile za kioo zina kitufe hicho. Mpangaji akishajua kwamba kipo, hata usipokigusa maisha yako yote, hatakuamini.

Soma uso wa mita kabla ya kulipa. Unatafuta 230V na 50Hz. Kisha maandishi kama 5(60)A: namba ya ndani ya mabano ndiyo mwisho wa mzigo, na ampea 60 kwa volti 230 ni karibu kilowati 13.8, zaidi ya mahitaji ya chumba chochote. Hata 5(30)A inatosha chumba na sebule. Tafuta daraja la usahihi, 1 au 2, maana yake kosa lisilozidi asilimia moja au mbili katika mizigo ya kawaida. Mwisho tafuta idadi ya mipepeso kwa uniti, mara nyingi 1600 au 3200 imp/kWh. Mita isiyo na maandishi haya usoni iache hapohapo, hata wakikupunguzia bei nusu.

Mwombe muuzaji aiwashe. Kwa mita ya 3200, pasi ya wati 1000 inapaswa kuifanya ipepese mara moja kwa zaidi kidogo ya sekunde, na mipepeso 320 ni sehemu ya kumi ya uniti, kama dakika sita. Usikate shauri kwa saa peke yake, maana volti zikishuka hadi 200 pasi hiyohiyo inapoteza karibu robo ya nguvu yake na mita itaonekana mvivu bila kosa. Kipimo cha haki ni nyumbani: zima kila kitu, acha pasi au birika moja kupitia sabumita mpya, kisha linganisha ilichosoma na uniti zilizopungua kwenye LUKU. Zikienda pamoja, umepata. Fanya hivyo wapangaji wakitazama.

Ya tatu: sabumita ya tokeni

Hii inafanya kazi kama LUKU: mpangaji ananunua, anapewa tarakimu 20, anaingiza, uniti zikiisha chumba chake pekee kinazima. Kwa mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam au Tabora na nyumba iko Kigoma, ni raha kubwa. Hakuna kudai.

Tatizo ni kwamba tokeni hazitoki kwenye mita, zinatoka kwa kampuni inayoendesha mfumo. Kampuni inakata chake, na ikifunga ofisi mita zako zinageuka mapambo. Uliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa: tokeni zinauzwa na nani, makato ni kiasi gani, na je, naweza kuhamia kwa muuzaji mwingine wa tokeni? Swali la mwisho likijibiwa kwa kigugumizi, rudi kwenye ya pili.

Ukikuta ya mtumba, kuwa macho zaidi. Mita za tokeni za STS, mfumo wa kimataifa ambao LUKU nayo inautumia, zinahesabu muda kwa dakika kuanzia 1993, na hesabu hiyo ilifika ukomo 24 Novemba 2024. Ndiyo maana watu waliambiwa kuingiza tokeni za ziada kwenye LUKU zao. Mita iliyokuwa stoo wakati huo bila kuhuishwa itakataa kila tokeni mpya, na anayekuuzia huenda hajui au anajua vizuri sana.

Ya nne: za Wi-Fi, na zile za kulinda volti

Nitazipita haraka. Ya Wi-Fi inakuonyesha matumizi kwenye simu. Inahitaji intaneti ndani ya nyumba muda wote, na mpangaji hana programu hiyo. Inamfaa mtu anayetaka kujua friza lake la dukani linakula nini.

Kile kifaa cha reli chenye namba tatu zinazong'aa, volti, ampea na uniti, ni kizuri kwa kazi nyingine. Kinakata umeme volti zikipanda au zikishuka kupita kiasi ulichopanga, na kinasubiri kidogo kabla ya kurudisha. Mtu mwenye friza la samaki Kibirizi anakihitaji kweli. Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli na wenye friji wanajua volti zinavyoyumba. Lakini uniti zake zinafutika kwa kubonyeza. Kinunue kwa ulinzi, usikitumie kudai pesa.

Ya mwisho: ya sahani, iliyotumika

Zile nyeusi za zamani zenye sahani inayozunguka bado zinauzwa kwa mafundi. Zilikuwa mita imara. Tatizo ni historia yake: iliwahi kudondoka, iliwahi kufunguliwa, sahani inakwaruza wapi? Ikikwaruza inahesabu pungufu, na anayebeba hasara ni mwenye nyumba. Na kama ina alama au lakiri ya TANESCO, usiiguse kabisa. Hiyo ni mali yao, na utaulizwa umeipataje.

Kufunga, ambako pesa inakwenda kweli

Wengi wananunua mita kisha wanashangaa fundi anapotaja waya. Nyumba za zamani za Ujiji zilitandazwa waya kana kwamba ni za familia moja: njia moja ya taa inapita vyumba vyote, soketi za vyumba viwili zinatoka kwenye breka moja. Sabumita haiwezi kugawa kitu ambacho waya haujagawa. Kila chumba lazima kipate njia yake kuanzia kwenye meinswichi, waya wa moto na nyutro yake (waya wa kurudisha umeme), na ethi (waya wa ardhini). Nyutro ya chumba kimoja isirudi kupitia kwa jirani. Kwenye nyumba ndefu, waya utazidi bei ya mita zenyewe, kwa hiyo pima korido kwanza.

Mita zote za wapangaji zinakaa baada ya LUKU na baada ya meinswichi. Upande wa juu wenye lakiri ni wa TANESCO, na fundi anayekwambia "hapa tunafungua kidogo tu, mama" ni kishoka, fundi wa magendo. Mtafute mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwombe akuonyeshe. Kabla ya kila sabumita iwekwe breka yake, ampea 20 kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ili chumba kimoja kikileta shoti wengine wasilale gizani.

Sasa kosa linalounguza mita mpya siku ya kwanza. Mita za njia moja zina matundu manne ya waya, lakini mpangilio haufanani. Zilizofuata desturi ya Uingereza mara nyingi zinakwenda hivi kutoka kushoto: moto unaingia, nyutro inaingia, nyutro inatoka, moto unatoka. Za mpangilio wa Ulaya bara: moto unaingia, moto unatoka, nyutro inaingia, nyutro inatoka. Fundi aliyezoea ya kwanza akiifunga ya pili kwa mazoea, anakutanisha moto na nyutro ndani ya mita. Mchoro upo nyuma ya kifuniko cha matundu au ubavuni. Mwambie ausome kwa sauti, hata akinuna.

Skrubu zikazwe kisawasawa. Waya uliolegea hupata joto, plastiki inabadilika rangi, halafu harufu. Baada ya wiki chache zima meinswichi, fundi azikaze tena. Boksi likae kwenye kibaraza au ukumbini, mbali na mvua, urefu wa macho ya mtu mzima, na matundu yake yazibwe, kwa sababu mijusi hupenda joto la humo ndani. Kifuniko kiwe cha kuona ndani, kikiwa na kufuli.

Kusoma na kugawana

Mwenye nyumba anayeishi humo naye awe na sabumita. Bila hivyo, kila kinachopotea kitasemwa ni chake. Someni zote siku moja, pamoja na LUKU, mkaandike kwenye daftari au mpige picha. Jumla ya sabumita itapungua kidogo kuliko LUKU: kuna taa ya nje, pampu kama ipo, na mita zenyewe zinakula umeme kidogo usiku na mchana. Amueni mapema tofauti hiyo ni ya nani. Ikikua ghafla bila sababu, zimeni breka zote za vyumba mwone kama LUKU bado inahesabu, kwa maana mtu anaweza kuwa amechota umeme kabla ya mita.

Bei ya uniti isiwe ya kukisia. Chukueni pesa zote zilizonunua umeme mwezi huo, toeni kodi ya majengo, gawanyeni kwa uniti zilizopatikana. Mwenye nyumba anayeweka faida juu yake atajulikana siku wapangaji watakaposoma risiti ya tokeni. Na mtu anapohama, someni mita yake siku ya kukabidhi funguo, mbele ya anayetoka na anayeingia kama ameshafika, namba iandikwe nyuma ya mkataba mpya.