Uzoefu wangu: kununua viungo vizima sokoni Nakasero badala ya vile vya pakiti

Tangu daktari amshauri mama yangu apunguze chumvi kwa sababu ya presha, viungo vya jikoni kwetu navinunua vikiwa vizima katika soko la Nakasero, hapa Kampala, na unga wa mchuzi wa pakiti nimeuacha kabisa. Kwa mtu anayepikia familia kila siku, maoni yangu ni kwamba viungo vizima vinafaa zaidi, vina harufu na ladha ya kutosha na ni vigumu kuvichanganya na takataka, ilimradi mnunuzi ajue kuvikagua kabla ya kutoa pesa.

Jambo lililonisukuma zaidi ni chumvi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha hata chumvi iliyomo katika mkate na vyakula vingine vya dukani. Kwenye pakiti, vitu vilivyotumika huandikwa kwa kufuata uzito wake, kilicho kingi kikitangulia, na katika pakiti kadhaa nilizozisoma chumvi ndiyo iliyotangulia, ikafuatwa na wanga, huku viungo vyenyewe vikiwa nyuma kabisa. Mtu akitia unga wa aina hiyo kwenye maharage, kisha akaongeza chumvi kama alivyozoea, atakuwa ametia chumvi mara mbili. Bizari nyembamba na mbegu za dania zilizokaangwa kidogo bila mafuta, kisha zikatwangwa pamoja na kitunguu saumu, huyapa maharage yale yale ladha nzito kiasi kwamba robo ya chumvi ya zamani inatosha, na mama, ambaye ni mgumu wa kuridhika, hula bila kuitisha kopo la chumvi.

Kibanda ninachokitegemea ni cha hajati mmoja ambaye hamkatazi mteja kugusa bidhaa. Nilipomwomba mdalasini alinipa aina mbili na kuniambia, “Mwanangu, vunja, unuse, halafu uchague.” Aina ya kwanza ilikuwa gome nene, gumu, lililojikunja mkunjo mmoja, nayo ndiyo kasia, mdalasini unaouzwa kwa wingi zaidi. Aina ya pili ilikuwa na maganda membamba mengi yaliyoviringishwa pamoja kama sigara, yanayovunjika kwa vidole, na harufu yake ni tamu na tulivu zaidi. Huo ndio mdalasini wa asili ya Sri Lanka. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ladha, kwa sababu kasia ina kumarini nyingi, kemikali inayoweza kudhuru ini la mtu anayeila kwa wingi kwa muda mrefu, na wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kipande cha kasia kwenye pilau ya sikukuu hakina neno, lakini nyumba inayotia mdalasini kwenye chai au uji wa watoto kila asubuhi, kama yetu, ni bora igharamie ule mwembamba.

Kiungo ninachokihofia zaidi ni manjano ya unga. Mwaka 2019 watafiti waliofanya kazi Bangladesh walieleza jinsi manjano yalivyokuwa yakitiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, ili yang'ae, na madini hayo ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa kuwa hata mizizi mikavu iliweza kusuguliwa kwa rangi hiyo, mimi hununua mizizi mibichi, ambayo inalimwa hapa hapa Uganda, nikaikata vipande vyembamba na kuianika. Unga wake haung'ai sana, na hilo halinisumbui. Huupika ndani ya mafuta pamoja na pilipili manga, kwa sababu piperini iliyomo katika pilipili manga huusaidia mwili kufyonza kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake.

Karafuu huzipima kwa ukucha: nikiibinya moja isipotoa mafuta, nazirudisha. Pilipili manga iwe nzito na ngumu, kwa sababu wapo wanaochanganya na mbegu za papai, ambazo ni nyepesi na huelea ukizitia kwenye maji. Iliki ndiyo ghali kuliko vyote, kwa hiyo nunua chache zenye maganda ya kijani yaliyofunga vizuri.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni wauzaji wa vibanda vingine wanaowaambia wateja kwamba mdalasini unaponya kisukari na kitunguu saumu kinaponya presha. Nimesikia mzee mmoja akishauriwa aache vidonge vyake, na jambo hilo liliniumiza sana. Viungo hutusaidia kupunguza chumvi na kuufurahia mlo, lakini haviwezi kushika nafasi ya dawa, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kunywa manjano au tangawizi kwa wingi. La pili ni mashine ya kusagia ya jirani, ambayo husaga kila kitu, hata njugu, bila kusafishwa ipasavyo. Kwa mwenye mzio wa njugu hiyo ni hatari, na kwa sababu hiyo natwanga nyumbani kwa kinu, kidogo kidogo, na kuhifadhi kwenye chupa za kioo mbali na jiko, maana unga hupoteza harufu baada ya miezi michache ilhali kiungo kizima hudumu kwa muda mrefu.

Majani mabichi sikushauri uyafuate Nakasero. Dania hunyauka kabla ya kufika nyumbani iwapo taksi itakwama kwenye foleni, na mchaichai na mujaaja, mmea wa kienyeji wenye majani ya harufu tunayotia kwenye chai, huota vizuri kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, ikamwagiliwa jioni.