Bima yangu ya afya Unguja: Dar inafaa, usiku wa kisiwani bado

Kwa mgeni wa kipato cha kati anayeishi Unguja na familia yake, bima ya kampuni ya Tanzania inatosha. Haina haja ya kuwa ile ya kimataifa ya maelfu ya dola. Inachotakiwa ni hospitali ya hapa kisiwani inayoipokea kadi saa yoyote, na ruhusa ya kutibiwa Dar es Salaam bila kuanza kubembelezana upya. Bima yangu hili la pili inalitimiza vizuri sana. La kwanza linanipa hasira mpaka leo. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu wenzangu wenye kadi za kampuni nyingine wananieleza mambo yale yale.

Mimi ni Mkenya, mpishi wa mikate na keki katika hoteli moja ya Jambiani. Tumekuja huku mimi, mume wangu na watoto wawili. Mwajiri ananilipia kibali cha kazi na chumba cha kulala. Afya kila mtu anajitafutia. Nyumbani Kenya kuna SHA, mamlaka ya afya ya jamii, ambayo tangu Oktoba 2024 inakata asilimia 2.75 ya mshahara wa mwajiriwa, lakini mfuko ule umewekwa kwa ajili ya hospitali za Kenya. Ukishashuka kwenye boti hapa bandarini haukusaidii kitu mtoto akiugua.

Wageni wapya wakiniuliza habari za bima, wengi huanza kwa kusema wanayo tayari, ile ya dola 44. Jamani, ile ni bima ya wasafiri. Ilianza Oktoba 2024, inatolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC, na muda wake ni siku 92. Inamfaa mtalii aliyekuja kuogelea Nungwi akaumia mguu kwenye mwamba. Mwenye kibali cha miaka miwili, mtoto wa chekechea, na presha ya kupimwa kila mwezi, asiitegemee hata kidogo.

Wengine husema matibabu Zanzibar ni bure. Ni kweli kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitangaza matibabu bila malipo, na wazee wa hapa wanalitaja jambo hilo kwa fahari ambayo naielewa kabisa. Lakini ile ni haki ya wananchi, na mimi si mwananchi. Sasa kuna pia Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2023, ukaanza na watumishi wa umma. Kama umeajiriwa, muulize mwajiri wako kuhusu mfuko huo kabla hujatoa shilingi kwa kampuni yoyote.

Sasa bima yenyewe. Kwa watu wanne nalipa shilingi milioni tatu kasoro kidogo kwa mwaka. Ndani yake mna kulazwa na matibabu ya nje. Meno na miwani hamna. Uzazi upo, ila mpaka mkataba uwe umetimiza mwaka, kwa hiyo dada aliyekwisha shika mimba asiinunue kwa ajili hiyo. Maradhi uliyokuja nayo, kama sukari, lazima uyaandike kwenye fomu siku ya kwanza. Mwenzangu wa kazini, Mjerumani, ana bima ya kimataifa na kwa miezi michache analipa ninacholipa mimi mwaka mzima. Yake inamtibu mpaka kwao Ulaya. Mimi sihitaji kutibiwa Ulaya. Nahitaji kutibiwa mjini Unguja saa saba za usiku.

Na hapo ndipo penye tatizo.

Wakati wa masika mwanangu mdogo alishikwa na homa, anatapika, maji hayakai tumboni. Jirani yetu, mama mtu mzima, alimgusa shingoni akasema, "Msingoje kukuche, mwanangu. Homa ya mtoto haingojwi." Mtoto wake akatutolea gari mpaka mjini, mvua inapiga njia nzima. Tukaingia hospitali ya binafsi iliyoandikwa kwenye orodha ya bima yangu, ya kwanza kabisa kwenye orodha. Kijana wa mapokezi akaipitisha kadi, akaipitisha tena, akanitazama kwa huruma. "Dada, kadi inasoma, ila idhini haijarudi. Hebu piga namba iliyo nyuma." Nikapiga. Simu ikapokelewa Dar, sauti ya upole kabisa, ikaniambia kitengo cha idhini kinafunguliwa saa mbili asubuhi.

Mtoto wa miaka mitatu anatapika, naambiwa saa mbili asubuhi!

Wauguzi hawakutungojesha, na nawashukuru sana. Wakampima malaria, wakatoa damu, wakamtundikia dripu, na mimi huku nalipia kila hatua kwa simu. Alfajiri alikuwa anaomba biskuti. Nilikuwa na akiba kidogo kwenye simu. Najiuliza kila mara habari za yule asiyekuwa nayo, mwenye kadi ile ile, amelipa ada ile ile.

Kurudishiwa pesa ni shughuli nyingine. Fomu ya madai ina sehemu ya mgonjwa, sehemu ya daktari na mahali pa muhuri. Nikaijaza, nikaambatanisha risiti, nikatuma. Jibu la karani kutoka Dar: madai hayapokelewi, risiti si ya EFD. Sasa tuelezane vizuri. Risiti ya EFD ni ile ya mashine za kielektroniki za TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, waliyoizoea Bara. Hospitali niliyokwenda ilinipa risiti ya kielektroniki ya ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na hiyo ndiyo risiti halali ya huku. Imeandikwa ZRA juu kabisa, kwa herufi kubwa. Nikampigia picha ya ile karatasi kwa karibu, nikamwandikia maelezo kwa adabu. Akataka barua ya hospitali. Nikapanda gari ya 309 mpaka mjini kuifuata. Akasema muhuri umefifia. Nikarudi tena, na daktari mwenyewe akaugonga muhuri mbele yangu, akaubonyeza kwa kiganja kizima mpaka wino ukakolea. Pesa ikaja baada ya hapo, ukitoa dawa nilizonunua duka la nje kwa sababu duka lile halimo kwenye orodha.

Nasema hili kwa uchungu: kampuni inayochukua ada za watu wa Zanzibar iijue risiti ya Zanzibar. Nchi moja, mamlaka mbili za kodi, na jambo hili si geni kwa mtu yeyote anayefanya biashara pande zote mbili za maji. Asiyelijua karani asifundishwe na mama wa mgonjwa.

Upande wa Dar, nasema ukweli vilevile, kampuni ile ile ilinistiri. Mume wangu alianguka na pikipiki njia ya Kitogani, mfupa wa mguu ukavunjika chini ya goti. Hospitali ya Mnazi Mmoja ya hapa Unguja walimpokea, wakampiga eksirei, wakamfunga mguu usitikisike, na daktari akatuambia bila kuzungukazunguka kwamba anahitaji kuwekewa chuma. Tukaamua kufanyia Dar kwa sababu ndugu zake wako huko. Nikatuma picha ya eksirei na barua ya daktari kwa kampuni mchana, saa za kazi. Barua ya idhini ilifika kabla hatujakata tiketi ya boti. Wapagazi wa bandarini walimbeba kwenye kiti na kumpandisha kwa uangalifu ambao sitausahau, mmoja anashika mguu peke yake kama anabeba yai. Saa mbili baharini, gari la hospitali linatungoja ng'ambo. Akapasuliwa, akalazwa, akafanyishwa mazoezi ya kutembea, na dirishani hatukudaiwa hata mia. Tiketi za boti na malazi yangu mimi nilijilipia; hayo mkataba haukuahidi, kwa hiyo siwalaumu.

Ukiishi Pemba, hesabu yake ni tofauti. Rafiki yangu, mwalimu Mkenya aliyeko Chake Chake, aliitaka bima hii hii nikamzuia. Katika orodha yao Pemba haina hospitali hata moja. Yeye akiugua anakwenda hospitali ya Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani, analipa anachotakiwa, na kadi inabaki mfukoni. Kwa mtu wa Pemba, na kwa hawa wanaoishi kwa kupiga mbizi, ningeweka pesa kwanza kwenye usafiri wa dharura wa ndege. AMREF Flying Doctors wana uanachama wa mwaka unaouzwa mbali na bima ya matibabu, na ndege zao zinatoka Wilson, Nairobi. Bahari ikichafuka boti hazitoki, na hapo uwe na kadi ya rangi gani, mgonjwa hasogei.

Kabla hujalipia bima yoyote hapa, orodha ya hospitali usisomewe na wakala. Nenda mwenyewe kwenye dirisha la bima la hospitali utakayoikimbilia, umuulize karani: kadi ya kampuni hii mnaipokea usiku? Ijumaa mchana? Makarani wa madirisha yale wanajua ni kampuni gani inalipa na ipi inasumbua, na hawafichi. Kisha ipigie simu ile namba ya nyuma ya kadi usiku wa manane, kabla hujawa na mgonjwa, usikie inapokelewaje. Na ukidhulumiwa, kampuni zote hizi zina msimamizi, TIRA, yaani mamlaka ya usimamizi wa bima Tanzania, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima anayepokea malalamiko ya mteja wa kawaida. Nilipomtajia karani wa risiti jina hilo, lugha ilibadilika.

Kwa tano, naipa tatu. Mkataba unakaribia kwisha na nimemwandikia wakala kwamba nitaurudia kwa masharti matatu, yawekwe kwa maandishi: risiti ya ZRA ipokelewe bila barua, idhini ya usiku itolewe kwa watoto walau, na hospitali moja iongezwe Pemba. La risiti amekubali kwa barua pepe, nimeichapa na kuihifadhi pamoja na pasi zetu. La usiku anasema linajadiliwa. La Pemba hajalijibu, na mimi pesa sijatuma.