Goti la mama lililobadilishwa mara ya pili: tathmini ya huduma

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71 na kisukari cha muda mrefu, alibadilishiwa goti bandia lililokuwa limelegea katika hospitali moja binafsi jijini Dar es Salaam, ambayo sitaitaja kwa kuwa nina la kuisifu na la kuilaumu. Nililolitazama kwa jicho kali ni moja tu, yaani namna wanavyozuia maambukizi, kwa sababu goti linalorudiwa huambukizwa mara kadhaa zaidi ya lile la mara ya kwanza: upasuaji huchukua muda mrefu zaidi, nyama yenye makovu haipati damu ya kutosha, na bakteria wakishanasa kwenye chuma hujifunika utando ambao dawa haziupenyi kwa urahisi.

Maandalizi yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Kabla ya kupanga tarehe, daktari bingwa wa mifupa alivuta maji ya goti kwa sindano na kuyapeleka maabara, kwani kulegea kwa goti bandia wakati mwingine husababishwa na maambukizi yaliyojificha, yasiyoleta homa wala uvimbe wa kutisha. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilipotoka asilimia 9.2, alikataa katakata kuendelea, na mama, ambaye alikwisha kuwaaga majirani, akarudishwa nyumbani hadi kiwango kiliposhuka kufikia 7.3. Tulinuna, leo hiyo ndiyo sehemu ya huduma ninayoipa alama za juu kabisa. Usiku wa kuamkia upasuaji na asubuhi yake alioga kwa sabuni ya klorheksidini inayoua vijidudu, akakatazwa kunyoa mguu kwa wembe, maana michubuko ya wembe ni mlango wa vijidudu, na dawa ya antibayotiki ilipitishwa kwenye mshipa ndani ya saa moja kabla ya kisu. Goti jipya lilishikizwa kwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na jentamisini, ambayo ni antibayotiki, njia iliyoanzia Hamburg, Ujerumani.

Kasoro ilianzia getini. Tuliruhusiwa siku ya tano tukiwa na karatasi ya mistari miwili: mshono usilowe, na turudi baada ya siku 14. Haikusema bandeji ikilowa tufanye nini, na siku ya nane ililowa. Simu ya wodi iliita bila kupokelewa. Muuzaji wa duka la dawa mtaani kwetu alikuwa tayari kutuuzia vidonge vya antibayotiki, nami nusura ninunue, jambo ambalo, kama daktari alivyonieleza baadaye, lingeweza kuwaficha bakteria wasionekane maabara huku likiwaacha hai ndani ya goti. Mshono wa namna hii ukivuja bado zaidi ya siku tatu baada ya upasuaji, wa kuuona mapema ni daktari aliyepasua. Tulikwenda asubuhi bila miadi, tukakaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu; bahati yetu, yalikuwa majimaji ya damu tu, yakakauka mama alipopumzishwa mazoezi ya kukunja goti kwa siku chache.

Chumba cha upasuaji nakipa nyota tano. Ufuatiliaji naupa mbili, na moja kati ya hizo ni ya muuguzi wa kliniki aliyenipa namba yake mwenyewe. Nilimwachia karatasi niliyoiandika upya, yenye dalili za kuangalia, yaani uvujaji, wekundu unaotambaa, homa na maumivu yanayozidi badala ya kupungua, pamoja na nafasi ya kujaza namba ya simu inayopokelewa usiku. Tulipokwenda kutoa nyuzi, nafasi hiyo ilikuwa bado tupu.