Gemu za vita vya mahandaki: ipi ununue kama unataka uhalisia

Usidanganywe na sare wala matope kwenye tangazo, hayo yeyote anaweza kuyachora. Gemu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ipime hivi: ukitoa kichwa nje ya handaki kizembe, unakiona cha moto au unapeta tu? Kwa kipimo hicho nazipanga hizi tano.

Inayoongoza ni Verdun ya 2015, ijapokuwa picha zake zimeshazeeka. Risasi moja inatosha kukulaza, na bunduki nyingi ni za kuvuta bolti kila unapofyatua. Lebel ya Wafaransa ilibeba risasi nane kwenye mrija na kujazwa moja moja, wakati Mjerumani mwenye Gewehr 98 alisukuma tano kwa mkupuo. Ukiwa umeinama na bunduki tupu, tofauti hiyo utaijua. Gesi ya sumu ikitua, unavaa barakoa na kuona kwa shida. Kubwa zaidi, shambulizi lina muda wake. Mkishindwa kuteka handaki la adui mnarudi kwenu, na yeye anawajia. Ukiendelea kuzurura ng'ambo wakati amri imeshabadilika, unauawa kama mtoro. Ukicheza hivyo jioni nzima, huulizi tena kwa nini vita halisi vya Verdun, Ufaransa, mwaka 1916 vilianza Februari vikaisha Desemba. Ila huchezwa mtandaoni, kwa hiyo hakikisha intaneti yako haikwamikwami, na uangalie kama saa unazocheza wewe kuna watu.

Isonzo (2022) imetoka kwa watengenezaji walewale. Hapa uko milimani, Waitalia dhidi ya Austria-Hungaria, waliopigana mara 12 kwenye mto Isonzo kati ya 1915 na 1917. Ofisa anaita mizinga, wengine wanakata seng'enge, na nafasi zikibaki wazi hujazwa na roboti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta. Kama huvumilii picha za kizamani, anza na hii.

The Great War: Western Front (2023) ni ya kompyuta tu, na humo wewe ni jenerali. Unachimba mahandaki, unapanga mizinga, unatuma watu. Ardhi iliyochimbuliwa na makombora hubaki vilevile mkirudi kupigana palepale. Unaweza kushinda na bado ukaona hasara tupu. Kampeni unaicheza peke yako.

Mwenye kompyuta dhaifu achukue Valiant Hearts (2014). Ni katuni yenye mafumbo, lakini ina maelezo na picha halisi za vita vile.

Battlefield 1 (2016) naiweka mwisho, najua wengi watanuna. Utangulizi wake ni mzuri mno: kila askari unayemcheza akifa, linatokea jina lake na miaka ya kuzaliwa na kufa. Baada ya hapo kila mtu ana bunduki ya rashasha, wakati MP 18, rashasha ndogo ya Wajerumani, iliingia vitani mwaka 1918, vita vikielekea ukingoni. Inakupeleka hadi jangwa la Arabuni, lakini mapigano ya Tanga ya 1914 hayamo, wala kwenye nyingine zote nne. Nunua kama unataka burudani, na uandae GB 50 za nafasi, pamoja na bando la kuzipakua.

Ukinunua kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, unaweza kudai pesa yako ndani ya siku 14 mradi hujacheza kufika saa mbili. Kwa Verdun, nusu saa inatosha kuamua.