Siku tatu Ahmedabad kwa bajeti ya fundi cherehani: nililipia nini, na nini usilipie

Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na la kushoto lilishafanyiwa upasuaji miaka ya nyuma likaenda kombo. Ndugu tukachangishana, na mwishoni mwa Januari nikamsindikiza Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India. Baada ya vipimo vya kwanza tukaambiwa turudi baada ya siku tatu. Mji mgeni, mto umepita katikati, na mama anasema kukaa chumbani kutamtia ugonjwa mwingine. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaosindikiza wagonjwa huko na kujikuta na siku mikononi lakini mfuko umebana, kwa sababu mimi nilianza kwa kupoteza hela kabla hata sijapanda treni ya Dar.

Kuna wakala mmoja hapa Dodoma aliniuzia kifurushi cha "kutalii mji wa mtoni": gari na dereva siku tatu, mashua mtoni, chakula cha mchana. Dola 210 kwa watu wawili. Nikatoa kianzio cha shilingi laki mbili. Picha alizonionyesha zilikuwa za ngazi ndefu za mawe zinazoshuka majini, watu wanaoga, moshi wa ubani umetanda. Nilipofika Ahmedabad nikamwonyesha dada wa mapokezi pale tulipolala. Akaniambia kwa upole kwamba ile ni Varanasi, kwenye mto Ganga. Kutoka Ahmedabad hadi Varanasi ni zaidi ya kilomita 1,000. Mto wa Ahmedabad ni Sabarmati, na hauna ngazi zile.

Gari lilikuja siku ya kwanza. Likatufikisha ukingoni mwa mji mkongwe, likakaa kwenye foleni saa nzima, na dereva akasema humo ndani haliingii. Kweli haliingii. Vichochoro vingine nikinyoosha mikono yote miwili nagusa kuta za pande zote. Nikamshukuru, nikamwambia asirudi kesho. Kianzio hadi leo sijarudishiwa. Kwa hiyo kama unakwenda Ahmedabad kutembea, usikodi gari la siku nzima. Fedha hiyo iweke kwenye mambo matatu nitakayoyasema.

La kwanza ni matembezi ya asubuhi ya manispaa. Yapo tangu 1997. Yanaanzia hekalu la Kihindu la Swaminarayan mtaa wa Kalupur, lililojengwa 1822, na kuishia Msikiti wa Ijumaa, ambao wenyewe wanauita Jama Masjid, wa mwaka 1424. Ni kama saa mbili na nusu kwa miguu, na mwongozaji mmoja anaongoza kikundi kizima. Tulifika saa mbili kasoro asubuhi, saa zao. (Wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu ilinichanganya safari nzima kila nilipopiga simu nyumbani.)

Mji ule mkongwe, ulioanzishwa na Sultani Ahmed Shah 1411, umegawanyika katika mitaa midogo inayoitwa "pol". Kila pol ina lango lake, nyumba zimeshikana bega kwa bega, na mbele ni mbao tupu zilizochongwa: nguzo, vinyago vya ndege, maua, tembo. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji huo kwenye urithi wa dunia. Mama hakuwa anaona nakshi zile, anaona mwanga na vivuli tu, basi mwongozaji alipogundua akawa anatuchelewesha kidogo nyuma ya kikundi. Anamshika mama mkono, anauweka kwenye nguzo, anamwacha apapase. Mama anapapasa anasema, "Hili jani. Hili jani jingine. Huyu ana mkonga!" Wale wengine wakawa wanatusubiri bila kununa. Hilo peke yake lilikuwa na thamani ya tiketi.

Kwenye kila kiwanja kidogo kuna mnara mwembamba wa mbao, juu una kibanda kama kichanja cha mahindi. Nikadhani ni wa kupigia adhana au kengele. Kumbe ni wa kulishia ndege. Watu wa mtaa wanapandisha nafaka humo. Sikukuu ya vishada ilikuwa imepita siku chache tu. Tarehe 14 Januari mji wote hupanda juu ya mapaa kurusha tiara, na tulipokuwa tunapita bado zilikuwa zimenasa kwenye nyaya na miti, za karatasi nyekundu na kijani, zimechanika.

Lakini kilichonisimamisha ni tangi. Katika nyumba moja ya zamani mwongozaji alitupeleka ua wa ndani, akaonyesha mfuniko mdogo sakafuni. Chini yake kuna tangi la kuhifadhi maji ya mvua, limechimbwa chini ya nyumba yenyewe. Mvua ikinyesha, maji ya paa yanashuka kwa mfereji mpaka humo, na wenye nyumba walikuwa wakiyatumia mwaka mzima. Mimi nimekulia Kondoa na naishi Dodoma, ambako mvua ikikata Aprili unaisubiri mpaka Desemba. Nina simtanki la lita elfu mbili uani na gata ya bati, na kila kiangazi tunanunua maji kwa ndoo. Nikamweleza mama kuna nini pale chini. Akasema, "Hawa wamekaa kwenye ukame siku nyingi kutuzidi sisi."

Kasoro za matembezi hayo: mwongozaji anazungumza Kiingereza cha haraka na ukikaa nyuma hupati kitu, kwa sababu pikipiki zinapita katikati yenu na honi haziishi. Ng'ombe nao wana njia yao. Mgonjwa wa magoti asiende. Na vaa viatu vya kuvua haraka, utavivua hekaluni na msikitini. Msikitini kuna nguzo 260, na baada ya zile kelele za vichochoroni uwanja wake ni mpana na kimya mpaka unasikia njiwa. Mama aliswali rakaa mbili upande wa wanawake, tukakaa kivulini muda mrefu.

Jambo la pili ni mto, na huo ni bure. Nenda kwa metro, treni yao ya mjini. Inavuka juu ya daraja na unauona wote. Kando zote mbili wamejenga njia ndefu ya zege ya kutembea, na watu wanakuja jioni na watoto wao. Ukweli wake nilikuja kuujua baadaye kwa kuuliza: Sabarmati ulikuwa mto wa mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka haukuwa na maji ya kutosha, watu walilima mboga kwenye mchanga wake na kufulia pembeni. Maji mengi unayoyaona leo yameletwa kwa mfereji kutoka mto mwingine, Narmada, na yanazuiwa na lambo upande wa chini. Nikamwambia mama kwamba huu ni kama mto Bubu wetu, ila hawa wameujaza. Akacheka sana. Sisi mto tunaujua kwa kuuchimba: unafukua mchanga kwa kata mpaka maji yajitokeze. Nilipenda ule upepo wa jioni, ila nijuavyo familia maskini nyingi zilizokuwa zikiishi kingoni zilihamishwa ili njia ile ijengwe, na sikuweza kutembea pale bila kuwakumbuka.

Kando ya mto huohuo, upande wa kaskazini, ipo ashram, yaani makazi ya pamoja, ya Mahatma Gandhi, kiongozi wa kupigania uhuru wa India. Kuingia hatukulipa. Alihamia hapo 1917, na tarehe 12 Machi 1930 akatoka hapo kwa miguu na wafuasi 78 kwenda Dandi baharini, karibu kilomita 385, kupinga kodi ya chumvi. Nyumba yake ni ndogo, sakafu wazi, na chumba kina gurudumu la kusokotea nyuzi. Mimi ni fundi, nimekaa na cherehani miaka kumi na tisa soko la Majengo. Nilisimama mbele ya lile gurudumu muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Daraja jipya la waenda kwa miguu lililofunguliwa 2022, Atal, lina tiketi na taa nyingi. Kama hela ni ya kubana, liangalie kwa mbali.

La tatu ni bajaji. Ndiyo, bajaji hizihizi zetu, za kijani na njano, na ndiko zilikotoka. Asubuhi ya siku ya tatu tulikodi moja kwenda Adalaj, kama kilomita 18 kaskazini, kwa rupia 700 kwenda, kusubiri na kurudi. Rupia moja kwetu ilikuwa karibu shilingi 30, basi ni kama elfu 21. Dereva kijana alimwita mama "Ba", ndivyo wanavyowaita mama zao, akamshika mkono kila ngazi. Na ngazi zipo, maana Adalaj ni kisima cha ngazi cha mwaka 1499, ghorofa tano kwenda chini ardhini. Unashuka, jua linapungua, baridi inaongezeka, na mama aliyekuwa haoni nakshi akasema, "Tumekaribia maji." Alijua kwa ngozi. Malkia Rudabai ndiye aliyekikamilisha. Wasafiri na wanawake wa vijiji walikuwa wanapumzika humo wakati wa joto. Mkienda Aprili au Mei joto linapita nyuzi 40, mtaelewa kwa nini. Nendeni kati ya Novemba na Februari.

Chakula: Gujarat ni jimbo lisilouza pombe kiholela na watu wengi hawali nyama. Sinia la kienyeji lina vibakuli vingi, wanakuongeza mpaka ukatae, na dengu zao zina sukari. Siku ya kwanza mama alikunja uso. Siku ya pili tukapewa mkate mnene wa kijivu na bilinganya ya kuchoma, samli na sukari guru. Mama akaunusa tu. "Uwele!" Ni unga wa uwele, nafaka ileile wanayosonga Wagogo. Akala miwili. Chapati, kachumbari, bajia, achari, hayo mnayajua. Na wakitaja bei kubwa wanasema "lakh", unasikia laki.

Fedha: kila mtu analipa kwa kuskani simu, hadi muuza chai, kama lipa namba yetu, lakini kwetu sisi tusio na laini ya kule ilikuwa taslimu tu. Beba noti ndogo ndogo. Chenji ni ugomvi. Vitambaa nilinunua Dhalgarwad, soko la nguo ndani ya mji mkongwe. Bandhani zile za kufunga na kutia rangi, mita sita, nimeshashona magauni mawili. Siku tatu, watu wawili, bila malazi, tulitumia chini ya shilingi laki moja na nusu. Kifurushi kilikuwa zaidi ya laki tano.

Sijasema la Msikiti wa Sidi Saiyyed, nimeliacha makusudi. Ni mdogo, uko kwenye mzunguko wa magari, hauna kiingilio. Ulijengwa 1572 na 1573 na Sidi Saiyyed, Mwafrika, katika wale wanaoitwa Sidi, watu wetu waliovuka bahari wakiwa mabaharia, askari na watumwa. Mpaka leo wapo Gujarat na ngoma yao wanaiita goma. Madirisha yake ya nyuma ni jiwe lililotobolewa kama lesi, na moja ni mti ambao matawi yake yamejisokota mpaka huoni yanapoanzia. Tulifika alasiri, jua limepiga kwa nyuma. Tukasimama uani. Mama akanyamaza kidogo, akasema anaona mwanga wenye matawi.

Alifanyiwa upasuaji, jicho la kulia kwanza. Siku ya kuondoka aliomba tupitie pale kabla ya stesheni, na miwani yake myeusi. Akasimama palepale. Akainua miwani kidogo, akarudisha, akainua tena. "Kumbe si mti mmoja," akasema. "Kuna na mtende hapo katikati, mbona hukuniambia?"